Mpini Uliokingama

Malindi, Lushoto
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Umeshuka Lushoto mjini kuchukua gauni lako kwa fundi cherehani, nami nimekaa jikoni, koki yako iko mezani mbele yangu. Nimepiga hesabu kwamba kwa fundi utakuta watu, na kwa rafiki zako hutatoka mapema, maana kwaheri yao moja huchukua saa nzima. Hutarudi kabla ya magharibi, na muda huo unanitosha. Ungekuwepo nisingeandika. Ungenichungulia begani na kunisahihishia herufi, tabia uliyonayo tangu darasa la tatu.

Habari za sweta, za chakula cha njiani na za watu wa Dar sizirudii. Nimezisema wiki nzima mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza. Nina jambo moja ambalo nimelificha tangu ukiwa mgongoni, na mtu wa kwanza kumwambia nimemwambia leo asubuhi. Wewe ni wa pili. Nimeona niliandike, kwa sababu mdomo wangu ni mrefu kwa mambo ya watu, lakini kwa yangu ni mfupi.

Kwanza nikusifu, kabla sijaharibu. Kijiji kizima kinajua kwamba sifa kwangu hutoka kwa kukamuliwa. Leo nakamua mwenyewe.

Uliporudi kutoka chuo ukasema utatengeneza koki isiyomdhuru mtu, nilicheka. Nikakuambia koki ni koki, ikivuja unafunga mpira, basi. Hukuudhika. Ulichukua kijiti ukanichorea chini, hapo hapo uani, kuku wakipita juu ya mchoro wako. Ukasema ndani ya koki kuna gololi kubwa ya chuma iliyotobolewa katikati. Tundu likielekea bomba, maji yanapita. Ukiigeuza robo mzunguko, ubavu wa gololi unaziba njia. Yote hayo niliyajua, nimeishika koki ya kijiji kabla hujaota meno, lakini nilikuacha unifundishe kwa sababu ulikuwa unafurahi.

Kisha ukasema jambo ambalo sikulijua. Ukasema maji yanayopita siyo ya kuogopwa sana kama yale yaliyofungiwa. Koki ikifungwa, bomba upande wa chini linaweza kubaki limejaa, na maji hayo yamesukumwa na mlima mzima kutoka kule msituni kwenye chanzo. Yanamngoja mtu wa kufungua kizibo cha mwisho wa bomba. Ukasema koki yako itakuwa na tundu dogo pembeni, na ukiifunga, tundu hilo litafunguka lenyewe na kuyatema maji yale nje mpaka yaishe nguvu. Fundi atayaona kwa macho yake. Yakiisha kutemwa, ndipo ashike spana. Nilikutazama, mwanangu, nikajiuliza nimezaa nini.

Nimekuona ukichonga gololi ya kwanza kwa mti wa mkaratusi. Nimekuona ukibembeleza watu wa gereji wakuyeyushie mabomba ya shaba yaliyokufa. Gololi ya pili ilipasuka, ya tatu ilikwaruza ikavuja, ya nne ilikwama kabisa ikabidi uipige nyundo huku unatukana kwa Kishambaa ukidhani sisikii. Na kila iliyoharibika uliipanga dirishani. Mgeni akija, humkaribishi hata chai, unamshika mkono kumwonyesha makosa yako, moja baada ya jingine, na kumwambia kila moja limekufundisha nini. Mimi nilikuwa napita na ndoo, nakutazama kwa pembeni, na nilikuwa naona wivu. Ndiyo, wivu, kwa mtoto wangu mwenyewe.

Na siku ile uliyoijaribu kule bondeni, na watu wamejaa, uliwafukuza wote nyuma ya ukuta wa mawe, mimi nikiwemo. Mwenyekiti wa kamati ya maji alitaka kubaki mbele kwa heshima yake, ukamwambia, "Shikamoo mzee, lakini ukikaa hapo sifungui." Akaondoka. Ulipoifunga koki, tundu likatema maji, yakapungua, yakawa matone, yakakauka, nawe ukashuka ukakifungua kizibo kwa mkono mmoja. Watu walipiga makofi. Mjomba Athumani hakupiga. Alikuwa amesimama karibu yangu, anatazama kile kizibo mkononi mwako kwa jicho lake lile moja.

Nawe ulimwona, ndiyo maana ulimpelekea kizibo akishike. Unamwita mjomba ingawa si damu yetu, ni jirani niliyekua naye. Na ni yeye aliyekupa ile spana kubwa ya bomba iliyokuwa imelala mvunguni mwake tangu siku ya ajali. Siku zote umeniambia kwamba unaitengeneza koki hii kwa ajili yake.

Sasa, juzi ulinisomea karatasi utakayoisoma huko karakana ya Dar mbele ya mainjinia, watakapoipima koki yako kabla ya kuchonga zile ishirini za mwanzo. Umeandika vizuri. Nilikuwa namenya viazi na kisu kilisimama chenyewe. Lakini pale mwanzo umeandika: "Kijijini kwetu fundi mmoja alipoteza jicho kwa uzembe, hakutoa presha kabla ya kufungua kizibo." Na pale mwisho umenishukuru mimi, mama yako, kwa kuitunza koki ya kijiji kwa uaminifu. Ukaniuliza, "Mama, vipi?" Nikasema vizuri, nikaendelea na viazi.

Sikulaumu. Umeandika ulivyofundishwa, na aliyekufundisha ni mimi. Ulipokuwa mdogo ukichezea mabomba nilikukaripia, "Utakuwa kama Athumani asiyetazama." Nilisema hivyo si mara moja.

Athumani alitazama, Mwanaidi.

Unaijua koki ya bondeni. Enzi hizo mpini wake wa kiwandani ulikuwa umevunjika, tukachongewa mwingine gereji, bapa la chuma lenye tundu la mraba. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: mpini ukilala pamoja na bomba, maji yamefunguliwa, ukikingama, yamefungwa. Yakifungwa tulikuwa tunaupiga mpini kufuli pale pale ulivyokingama, ili kila apitaye aone kwamba zamu ya bondeni haijafika, na asiwe na neno na mwenzake. Maana maji hapa yamewahi kugombanisha hata watu wa tumbo moja. Ufunguo ulikaa kwangu. Kamati ilinichagua mimi kwa sababu sikuwa na aibu ya kumwambia mtu hapana.

Mwaka ule kiangazi kilikaza. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa ameshuka tambarare, kule Mnazi, kwenye mahindi. Nilibaki na wewe mgongoni na matuta ya miche ya kabichi inayonyauka, na zamu yetu ilikuwa bado siku mbili. Nilikwenda kwenye koki wakati njiani hakuna mtu. Nikafungua kufuli, nikalegeza nati, nikautoa mpini. Lile shina linalochomoza juu nikaligeuza kwa spana mpaka nikasikia maji yanapita. Halafu nikaurudisha mpini ukiwa umekingama, na kufuli juu yake. Tundu la mraba halina ubishi, linakubali kila upande. Kila aliyepita aliiona koki imefungwa, na mwenye ufunguo ndiye aliyekuwa mwizi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nguoni mwa kijiji kizima.

Siku hiyo nilimwagilia, hakuna aliyejua. Siku ya pili nikaendelea. Watu wakazidi njiani, nikafunga bomba la shambani kwangu nikajifanya napalilia, nikingoja wapite. Kwa hiyo bomba lote, kuanzia kwenye koki mpaka mwisho wake kule chini, likasimama limejaa. Wewe sasa unajua maana yake kuliko mimi. Sikujua kwamba Athumani, aliyekuwa fundi wa kamati, alikuwa amechagua siku hiyo kutoa mchanga mwisho wa bomba, kwa sababu ni siku ambayo bondeni hakuna maji. Nilimwona akipita. Alisimama kwenye koki, akautazama mpini, akalishika kufuli akalitikisa. Nilidhani anakagua tu. Nilikuwa naogopa asije akaiona miche yangu ilivyolowa, basi, hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo. Akashuka, ukuta wa mawe ule ukamficha.

Kisha nikasikia mlio kama bati limepigwa jiwe, na baada yake maji.

Hapa ndipo pabaya kuliko pote. Sikukimbilia kwake, nilikimbilia koki. Nikafungua kufuli, nikalegeza nati, nikautoa mpini, nikaligeuza shina mpaka maji yakakata, nikaurudisha mpini, nikafunga nati, nikafunga kufuli. Unajua kazi hiyo inachukua muda gani. Na muda wote huo nilimsikia akiita. Nilikuja kujiambia kwamba nilikwenda kuyazuia maji yasimwumize zaidi, na kwa miaka mingi nililala juu ya maneno hayo. Ingekuwa hivyo, ningeligeuza shina nikauacha mpini chini kwenye majani.

Nilipomfikia, kizibo kilikuwa kimemvunja mfupa wa shavu, na jicho lilikuwa limekwenda. Wewe mgongoni ulikuwa unacheka, ulikuwa unapenda kurushwarushwa.

Alipotoka hospitali kamati ikakaa. Athumani akasema, "Mimi nilitazama. Na kufuli nililishika." Mwenyekiti wa wakati huo akamjibu kwa upole, hata mimi nilimwona muungwana, "Koki tuliikuta imefungwa, sote tumeiona. Wewe ulisahau kutoa presha iliyobaki ndani." Wakanigeukia mimi mwenye ufunguo. Nikasema, "Koki ilikuwa imefungwa." Maneno matatu tu. Wakaandika uzembe, na kazi ya ufundi akapewa mtu mwingine.

Kabichi za msimu ule zilifunga vizuri kuliko miaka yote. Sikuonja hata moja. Tangu hapo kila msimu nampelekea Athumani kabichi na karoti, na watu wakasema Mama Mwanaidi ana moyo. Baba yako alifariki akiamini hivyo hivyo, na alikuwa ananitania kwamba siku moja nitamhamishia Athumani shamba zima. Nimeishi na jina zuri kwa miaka, mwanangu, na kila lilipotajwa nilitamani kutoka nje.

Nitakuambia kweli tupu. Ingekuwa ni ile karatasi peke yake, labda ningenyamaza tena. Nimezoea. Kilichonishinda ni koki.

Jana ulinipa niifunge kwenye kanga isikwaruzike. Nikaigeuza geuza, nikaisifu kimoyomoyo, halafu nikauona mpini. Mwanaidi, umeweka tundu la mraba. Mikono yangu ikafanya kazi bila kuniuliza: nikalegeza nati, nikautoa mpini, nikaligeuza shina, nikaurudisha mpini umekingama. Nikaiinua koki nikachungulia, nikaliona dirisha upande wa pili kupitia ndani ya gololi. Iko wazi, na mpini unasema imefungwa. Ilikaa pale mezani na uongo wangu, kimya kabisa, nzuri kama ulivyoing'arisha.

Nikakaa chini. Na hapo hapo nikaona jambo la pili, ambalo labda hata wewe hujaliona kwa sababu uliambiwa habari isiyo kweli. Lile tundu lako la pembeni hutema pale tu gololi inapofunga kwelikweli. Kama koki hii ndiyo ingekuwa bondeni siku ile, mpini wangu ungesema uongo lakini tundu lako lingebaki kavu. Athumani angeniita na ufunguo, tufungue na kufunga mbele yake aone liteme, lisingetema, na asingegusa kizibo. Ulilitengeneza kwa ajili ya kosa ambalo hakulifanya, na bado lingemwokoa na lile nililolifanya mimi. Nililia, nakuambia wazi, na haikuwa kwa huzuni tupu. Niliona fahari juu yako.

Basi liseme hilo huko. Waambie kwamba tundu likikaa kavu bila kutema kwanza, mtu asiguse kizibo, hata mpini ukiwa umekingama vipi. Na mpini urekebishe kabla hawajachonga hata moja. Upande mmoja wa shina ukatwe uwe bapa, na tundu la mpini lifuate, uingie njia moja tu. Na juu ya shina wachonge mfereji unaofuata njia ya gololi, ili hata mpini ukiwa umetolewa, mtu aone, au apapase kwa kidole. Mimi si injinia. Ila naona vitu vingi hutengenezwa na watu wema wanaomfikiria mtu atakayesahau. Wewe mfikirie na mtu kama mimi, mwenye akili timamu, mwenye ufunguo, na miche inayonyauka.

Asubuhi, ulipokuwa umelala bado, nilikwenda kwa Athumani. Nilimkuta uani anapepeta maharage kwenye ungo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Mama Mwanaidi. Mtoto ndiyo kesho?"

"Ndiyo kesho."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kishambaa, maana Kiswahili niliona kina milango mingi ya kutokea. Sikukaa, na yeye hakuniambia nikae. Aliendelea kupepeta mpaka nikafika pale kwenye kufuli, ndipo akauweka ungo chini. Nilipomaliza, kuku wakaanza kula maharage yake na wala hakuwafukuza.

"Kwa hiyo nilitazama," akasema.

"Ulitazama."

"Na kufuli nililishika."

"Ulilishika, nilikuona."

Akajifuta uso kwa kiganja. Akasema, "Kila siku nikifunga mlango huamka mara mbili kwenda kuangalia kama nimefunga. Mke wangu amechoka kunicheka. Nilijua kichwa changu kina kasoro. Nilikuwa nakumbuka kabisa nimetazama, na watu wote wananiambia sikutazama, nikaona basi, mimi ni mtu wa kukumbuka vitu visivyokuwepo."

Jicho nililijua, Mwanaidi. Nimelihesabu kila siku. Hili la kumnyang'anya mtu kumbukumbu yake mwenyewe sikuwahi kulijua. Nilikaa chini kwenye vumbi bila kukaribishwa.

Sikumwomba msamaha pale pale. Nilimwambia nitauomba siku atakayotaka kuusikia. Hakusema amenisamehe na hakunifukuza. Aliniuliza kama nitasema mbele ya kamati, nikasema nitasema Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini. Akauliza, "Na mtoto?" Nikasema nitamwandikia. Akafikiri, kisha akasema, "Mwambie asije akaitupa koki kwa sababu yako. Kazi ni nzuri ile." Hapo ndipo alipowafukuza kuku.

Ijumaa naiogopa. Najua watakavyonitazama wale niliowazuia maji kwa ukali wote ule. Lakini nimekutazama wewe mwaka mzima ukipanga gololi zako mbovu dirishani, na hakuna aliyekudharau kwa ajili yake. Wewe makosa yako unayaweka mahali penye mwanga, na mimi langu nililipiga kufuli. Nimejifunza kwako, mwanangu, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na sioni haya kusema hivyo.

Barua hii naifunga pamoja na koki ndani ya kanga yangu ya kijani. Nakujua, hutaweza kukaa nayo bila kuifungua, kwa hiyo utaisoma basi likiwa Mombo, au ukijitahidi sana, Korogwe. Utakasirika. Kasirika mpaka hasira ziishe, usinipigie simu kabla. Nitangoja. Ulivyo mtoto wangu, najua hasira zako zina mwisho, na mikono yako haiwezi kukaa bila kazi.

Mpini nimeuacha ulivyo, umekingama na koki iko wazi, ili uone kwa macho yako. Ile shukrani ya mwisho uliyoniandikia, ifute. Pale juu futa neno uzembe, uandike kwamba mpini ulisema uongo, na kwamba aliyeusemesha ni mlinzi wa maji, mama yako mzazi. Ukiona ni zito kulisema mbele ya wageni, mimi nitakuelewa. Lakini hata wakikupa dakika moja tu ya kusimama mbele yao, maneno mawili yaseme, na uyaseme kwa sauti, maana kuna mtu huku ameyangoja tangu ukiwa mgongoni: fundi alitazama.

Mama yako